Waliopigana Walipatana, Waliokombolewa Wakaachwa

Juma hili tunaleta habari ya Marekani, lakini si Marekani ya leo. Ni habari ya miaka 12 tu, kutoka 1865 hadi 1877, ambayo wao wenyewe waliiita miaka ya Ujenzi Mpya. Tumeichagua juu ya neno moja tunalolisikia kila siku kwenye mistari ya maji na ya chakula: "Vita viishe tu, mengine yatajipanga." Kule Marekani vita viliisha, na waliokuwa na haki ndio walioshinda. Lakini yale mengine hayakujipanga. Yalipangwa na watu, na ambao hawakuitwa kwenye mpango ndio waliolipa.

Tuanze na vita vyenyewe. Kati ya 1860 na 1861 majimbo 11 ya Kusini yalijitoa katika nchi kwa sababu yalitaka utumwa uendelee. Kaskazini ikakataa nchi kugawanyika, wakapigana miaka 4. Wanajeshi zaidi ya 600,000 walikufa. Huko Kusini watu Weusi karibu milioni 4 walikuwa watumwa, mali ya watu wengine kama ng'ombe. Wengi wao hawakukaa kusubiri kukombolewa. Walikimbia mashamba, wakavuka kwenda upande wa Kaskazini, na Weusi karibu 180,000 wakavaa sare za jeshi la Kaskazini. Aprili 1865 jenerali mkuu wa Kusini, Robert E. Lee, akasalimu amri. Siku chache baadaye Rais Abraham Lincoln akapigwa risasi. Kufika Desemba mwaka ule, utumwa ulikuwa umefutwa ndani ya Katiba.

Sawa, mtu yuko huru. Je, usiku atalala wapi? Kesho atalima wapi? Na yule bwana wake wa jana akija na bunduki, nani atasimama katikati yao? Ujenzi Mpya ulivunjika kwa sababu maswali hayo hayakupata jibu la kudumu.

Tuanze na shamba.

Januari 1865, vita havijaisha, Jenerali William Sherman alikutana na wachungaji Weusi 20 katika mji wa Savannah, jimbo la Georgia. Msemaji wao alikuwa mzee wa miaka 67, Garrison Frazier, ambaye alijinunua mwenyewe kutoka utumwani. Walipoulizwa watu wao wanahitaji nini ili wajitegemee, hakuomba chakula cha msaada. Alisema wapewe ardhi, wailime kwa nguvu zao wenyewe. Siku 4 baadaye Sherman akatoa amri: mashamba ya mwambao wa South Carolina, Georgia na kipande cha Florida, ambayo mabwana walikuwa wameyakimbia, yagawiwe familia za Weusi, kila familia isizidi ekari 40, yaani kama hekta 16. Watu karibu 40,000 wakaingia. Wakajenga, wakapanda.

Lakini tuangalie karatasi yao ilikuwa ya namna gani. Ilikuwa amri ya jeshi, siyo sheria ya Bunge. Sherman mwenyewe alikuwa na shida yake: maelfu ya watu walikuwa wakilifuata jeshi lake njiani, na alitaka mahali pa kuwaweka. Basi kilichotolewa na jenerali mmoja kingeweza kuondolewa na rais mmoja. Na ndivyo ilivyokuwa. Andrew Johnson, aliyechukua kiti cha Lincoln, alikuwa mtu wa Kusini na aliwahi kumiliki watumwa. Mwaka ule ule 1865 akaanza kuwasamehe wakubwa wa uasi, na msamaha ulikuja pamoja na mashamba yao.

Oktoba, Jenerali Oliver Howard, mkuu wa ofisi ya serikali iliyosaidia waliokombolewa, akatumwa kisiwa cha Edisto kuwaambia watu warudishe ardhi na wapatane na mabwana wa zamani. Watu walikusanyika kanisani. Hawakukubali. Wakachagua kamati, wakaandika barua kwake na kwa rais, wakisema wako tayari hata kulipia ile ardhi. Howard alikuwa amepoteza mkono wake wa kulia vitani. Wakamwambia hivi, kwa ufupi: wewe umepoteza mkono, labda unaweza kusamehe, lakini mtu aliyenifunga kwenye mti akanichapa viboko 39, akampiga mama yangu na dada yangu, na leo anashirikiana na wenzake kuninyima ardhi ili nirudi kumfanyia kazi kwa bei anayotaka yeye, huyo ni vigumu kumsamehe. Barua haikubadili kitu. Katika mashamba ya mwambao, wengi waliokataa kusaini mikataba ya kazi waliondolewa, pengine na askari wa jeshi lile lile lililowakomboa.

Hapo ndipo mambo yote yaliyofuata yalianza kuharibika. Asiye na shamba alilazimika kurudi kwa mwenye shamba. Ukaingia mtindo wa kugawana mavuno: tajiri anatoa ardhi, mbegu na nyumbu, mkulima anatoa jasho, pamba inagawanywa. Lakini chakula na nguo mkulima alikopa dukani, mara nyingi duka la tajiri huyo huyo, na daftari la deni lilikaa kwa tajiri. Mwisho wa mwaka hesabu ikifanywa, mkulima anaambiwa bado anadaiwa. Mwaka unaofuata hivyo hivyo. Na majimbo kama Mississippi yalipitisha sheria kwamba Mweusi asiye na karatasi ya mkataba wa kazi akamatwe kama mzururaji, atozwe faini, na akishindwa kulipa akodishwe kwa anayelipa. Tuseme ukweli, huo ulikuwa utumwa uliobadilishwa jina.

Hata hivyo, haikuwa giza tupu, na lazima tuliseme hili kwa sauti. Bunge lilimkasirikia Johnson likachukua usukani. Katiba ikabadilishwa: mwaka 1868 kila aliyezaliwa Marekani akawa raia na sheria ikatakiwa imlinde sawa na mwingine, mwaka 1870 ikakatazwa kumnyima mtu kura kwa sababu ya rangi. Huko Kusini ni wanaume tu waliopiga kura wakati ule, lakini wanaume Weusi walijitokeza kwa wingi. Karibu Weusi 2,000 walishika vyeo, kuanzia mahakimu wa vijiji hadi wabunge. Hiram Revels wa Mississippi aliingia Seneti mwaka 1870. Robert Smalls, ambaye mwaka 1862 akiwa mtumwa aliiba meli ya jeshi la Kusini katika bandari ya Charleston, akapita nayo mbele ya mizinga yao na kuipeleka kwa Kaskazini pamoja na familia yake, baadaye akawa mbunge, tena akainunua nyumba ya bwana wake wa zamani. Serikali hizo zilianzisha shule za umma katika majimbo ambayo mengi hayakuwa nazo, na watoto Wazungu maskini wakasoma pia.

Basi mtu asituambie kwamba Weusi hawakuwa tayari. Walikuwa tayari. Na kwa sababu walifaulu, wakashambuliwa.

Sasa swali la ulinzi. Kundi la Ku Klux Klan lilizaliwa Tennessee mara tu vita vilipoisha, likasambaa. Walikuja usiku wamefunika nyuso. Hawakupiga ovyo ovyo. Walimtafuta mwalimu, mchungaji, diwani, mkulima aliyeanza kupata ardhi yake. Wakati huo kura haikuwa ya siri kama leo: kila chama kilichapa karatasi yake, na aliyesimama pale aliona unatumbukiza ipi. Kwa hiyo mpiga kura maskini alipiga kura huku mwenye shamba anamtazama, na kesho yake angeweza kufukuzwa. Hapa tunaona shamba na kura vilikuwa kitu kimoja.

Je, ilikuwa haiwezekani kuwalinda? Iliwezekana! Mwaka 1871 Rais Ulysses Grant alituma askari katika wilaya 9 za South Carolina, mamia wakakamatwa, wengine wakafungwa, na Klan ikavunjika. Uchaguzi wa 1872 ulikuwa na utulivu kuliko mingine ya miaka ile. Dawa ilijulikana na ilifanya kazi. Waliokuwa nayo waliacha kuitoa.

Waliacha kwa nini? Kwanza walichoka. Mwaka 1873 uchumi ulianguka, mabenki na makampuni ya reli yakafa, na watu wa Kaskazini wakaanza kuuliza hela zao zinatafuta nini Kusini. Mwaka 1874 ikafungwa hata ile benki ya akiba ya waliokombolewa, ambayo wengi waliamini iko mikononi mwa serikali. Watu 61,000 walikuwa wameweka humo dola karibu milioni 3, akiba ya askari, ya wakulima, ya akina mama wafua nguo. Wakubwa wa benki walizikopesha ovyo kwa wafanyabiashara.

Pili, mahakama iliwaacha. Aprili 1873, siku ya Pasaka, katika mji wa Colfax, Louisiana, Wazungu wenye silaha walishambulia Weusi waliokuwa wakilinda jengo la mahakama baada ya uchaguzi wenye ugomvi. Waliokufa wanahesabiwa kati ya 60 na 150, wengi waliuawa wakiwa wamekwisha jisalimisha. Watu 3 walitiwa hatiani. Mwaka 1876 Mahakama Kuu ikawaachia, ikisema Katiba inazuia serikali ya jimbo kuonea watu, haizuii mtu binafsi; aliyeonewa na jirani yake akalie kwa serikali ya jimbo lake. Yaani aende kwa wale wale!

Tatu, wakubwa walipatana. Uchaguzi wa rais wa 1876 ulileta mabishano ya kura katika majimbo ya Florida, Louisiana na South Carolina. Tume ya watu 15 ikaamua kwa kura 8 dhidi ya 7 kwamba mshindi ni Rutherford Hayes wa Republican, chama cha Lincoln. (Msichanganye na vyama vya leo, wakati ule Democrat ndicho kilikuwa chama cha mabwana wa Kusini.) Mazungumzo ya pembeni yakafanyika ili Kusini wakubali matokeo. Hayes akaingia, na Aprili 1877 askari waliokuwa wakilinda serikali za mwisho za Ujenzi Mpya huko South Carolina na Louisiana wakarudishwa makambini mwao. Serikali hizo zikaanguka mara moja. Kwenye mazungumzo hayo, milioni 4 waliokuwa chanzo cha vita hawakuwa na kiti.

Wazee wetu husema fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Sisi tunaongeza: na wakipatana, wanainama kula nyasi zile zile.

Yaliyofuata ni hesabu tu. Mwaka 1890 Mississippi iliandika katiba mpya yenye kodi ya kura ya dola 2 na mtihani wa kusoma au kueleza Katiba, na msahihishaji alikuwa Mzungu. Haikuandika neno "Mweusi" popote kwenye masharti hayo, lakini kila mtu alijua inamlenga nani. Majimbo mengine yakaiga. Huko Louisiana, Weusi walioandikishwa kupiga kura mwaka 1896 walikuwa 130,334. Mwaka 1904 walibaki 1,342. Katiba ya nchi haikuwa imebadilika hata herufi moja. Ilibidi wasubiri hadi 1965, miaka 100 baada ya vita, ndipo sheria yenye meno ikalinda kura yao.

Na waliposhindwa wakasingiziwa. Vitabu vya shule vya Marekani vilifundisha miaka mingi kwamba Ujenzi Mpya ulianguka kwa ujinga na wizi wa Weusi. Mwaka 1935 msomi Mweusi W. E. B. Du Bois alitoa kitabu kikubwa kupinga uongo huo, na ikachukua miaka mingine mingi kabla wanahistoria wengi hawajamkubali. Kwa hiyo, ndugu zetu, mkisikia watu fulani wanaitwa wavivu au wasioweza kujitawala, ulizeni kwanza: walikuwa na nini, na nani alikichukua?

Habari hii si yetu moja kwa moja, na hatutaki kulazimisha ifanane na ya kwetu. Lakini neno la shamba tunalijua. Ndugu zetu Warundi waliokimbia mwaka 1972, wengi waliporudi walikuta watu wengine wanalima, wengine wakiwa maskini kama wao, na serikali ikabidi iunde tume ya ardhi mwaka 2006. Amani ilikuwa imesainiwa Arusha tangu 2000. Saini ilichukua siku moja, lakini shamba linachukua miaka.

Kwa hiyo siku tukisikia redioni kwamba wakubwa wamepatana, tushangilie, ndiyo, watu wamechoka kufa. Halafu tuulize. Ardhi itakuwa ya nani, na karatasi yake imesainiwa na nani: jenerali, au sheria? Nani atatulinda tukirudi, na atakaa mpaka lini? Na sisi, mezani pale, kiti chetu kiko wapi?

Mwenye wazo aandike hapa chini, hata kama hakubaliani nasi. Jumamosi tutakaa kulijadili pamoja, kama kawaida.