Biti 12 zilizoitesa Etheneti ya mijini

Mei 2023 Etheneti ilitimiza miaka 50 tangu Robert Metcalfe alipoandika waraka wake pale Xerox PARC, California, na miezi miwili kabla yake alikuwa ametangazwa mshindi wa Tuzo ya Turing. Anastahili sifa zote. Hata hivyo, ubunifu wake ulikuwa wa kuunganisha: kompyuta nyingi kwenye waya mmoja, kila moja ikisikia yanayotumwa na nyingine. Waya wa namna hiyo huwezi kuziuzia benki mbili zinazoshindana. Kilichoiwezesha Etheneti kutoka ofisini na kuwa huduma ya kuuzwa mjini kote ni kazi ya kuwatenganisha wateja, na walioifanya karibu hawakukumbukwa katika sherehe hizo.

Mwanzo wa kazi hiyo ulikuwa katika maabara ya Bellcore, Marekani, ambako W. David Sincoskie na Chase Cotton walichapisha pendekezo lao mwaka 1988. Tatizo lao lilikuwa msongamano. Utaratibu wa Radia Perlman ulizuia pakiti kuzunguka bila mwisho kwa kuacha njia moja tu wazi, hivyo mzigo wote ukaelemea swichi chache. Wao wakapendekeza njia kadhaa, kila pakiti ikiwa na alama ya njia yake. Alama hiyo ilipata sura rasmi mwaka 1998 katika kiwango cha 802.1Q: lebo ya baiti 4, ambamo biti 12 ni namba ya mtandao pepe, yaani kundi la vifaa vinavyosikiana vyenyewe tu ingawa swichi ni zilezile. Namba zinazotumika ni 4,094. Wapo wanaosema huo ulikuwa uzembe. Sikubaliani nao, kwa sababu lebo ile ilibuniwa kwa ajili ya jengo au chuo kimoja, na hata baiti 4 zilitosha kurefusha fremu kutoka baiti 1,518 hadi 1,522, urefu ambao vifaa vya zamani havikuutarajia.

Shida ilianza makampuni ya simu yalipoingia. Wateja wawili huweza kutumia namba 10 kila mmoja kwa mambo yake, na mtoa huduma hana mamlaka ya kuwabadilishia. Watengenezaji wakaanza kubandika lebo ya pili juu ya ile ya mteja, kila mmoja kwa msimbo autakao, wengine 8100, wengine 9100. Kiwango cha 802.1ad kilipoidhinishwa mwaka 2005 kikachagua 88A8, na vifaa vilivyokwisha kufungwa havikuelewana nacho. Isitoshe, mtoa huduma alibaki na namba zilezile 4,094. Mwaka 2008 kiwango cha 802.1ah kikaifunga fremu nzima ya mteja ndani ya nyingine, kama bahasha ndani ya bahasha, kwa namba ya biti 24, yaani zaidi ya milioni 16. Kampuni ya Nortel iliyoipigania njia hiyo iliomba ulinzi wa kufilisika Januari 2009, na kambi ya MPLS, teknolojia shindani ya kubeba data za wateja, ikatamba.

Ushindi huo hautoshi kuipuuza lebo. Hata pale MPLS inapobeba mzigo katikati ya mtandao, mlangoni kwa mteja lebo ya pili bado ndiyo inayopanga nani ni nani. Pingamizi lenye uzito ni jingine: lebo hutenganisha, haifichi. Mwenye kuifikia swichi huweza kusoma kila kisichosimbwa, ingawa kiwango cha kusimba fremu, 802.1AE, kipo tangu 2006. Anayeuza laini kwa jina la mtandao binafsi anapaswa kumwandikia mteja wazi kwenye mkataba kama usimbaji umo au haumo.