Mzee na Milango ya Jirani

Leo tutazame kazi ya wazee wa kanisa mahali ambapo watu wamesongamana, kama Kibera na Kawangware hapa Nairobi.

Zamani mzee alijulikana. Kibera ilianzishwa na askari Wanubi wa King's African Rifles mwanzoni mwa karne ya 20, na serikali ikaitenga kuwa ardhi ya jeshi. Jina lake, kwa lugha yao, maana yake ni msitu. Walikuwa Waislamu, nao waliwasikiliza wazee wao. Upande wa Kawangware, katika nchi ya Wakikuyu wa Dagoretti, baraza la wazee lililoitwa kiama ndilo lililoamua mashauri. Mzee alipata heshima kwa umri, kwa ukoo, na kwa mbuzi aliotoa ili apande daraja.

Mwaka 1898 misheni ya Skotland ilihama Kibwezi ikaja Kikuyu, si mbali na Kawangware. Kwa Wapresbiteri mzee huchaguliwa, huwekwa kwa maombi, kisha hukabidhiwa sehemu ya washirika awatunze. Sisi Waanglikana tuna askofu, kasisi na shemasi, na kando yao wasomaji na wazee wa kanisa. Hata hivyo chimbuko ni moja. Neno la Kiyunani presbuteros, yaani mzee, ndilo lililozaa jina la Presbiteri, na ndilo lililozaa neno la Kiingereza la kasisi.

Kisha mji ukakua. Watu wakaja kutoka Nyanza, Magharibi, Ukambani na kwingineko, wakapanga vyumba. Katika chumba cha kupanga hakuna mjomba wala ukoo. Mtu aweza kuugua siku tatu na jirani asijue jina lake. Yakobo 5:14 yamwagiza mgonjwa awaite wazee wa kanisa wamwombee. Lakini atawaitaje, ikiwa hakuna mzee aujuaye mlango wake? Kasisi mmoja hawezi kuifikia milango yote. Hata Musa alielemewa, mpaka mkwewe Yethro akamshauri agawe mzigo, kama tusomavyo katika Kutoka 18.

Tena kuna jambo zito zaidi. Matendo 6 yatueleza kwamba kanisa la kwanza lilinung'unika kwa ajili ya lugha: wajane wa upande wa Kiyunani walisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Wakachaguliwa watu saba, na wote saba wana majina ya Kiyunani. Waliosahauliwa walipewa watumishi walioielewa lugha yao.

Sisi nasi tumejaribiwa hapo. Uamsho uliotoka Rwanda ulifika Kabete, jirani ya Kawangware, mwaka 1937, ukawafundisha watu wa makabila mbalimbali kuitana ndugu. Lakini baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Soko la Toi liliteketezwa, na reli ikang'olewa Kibera. Oktoba 2017 majirani walipigana Kawangware na mali ikachomwa. Siku kama hiyo mzee wa kanisa huulizwa bila maneno: wewe ni mzee wa kabila lako, au wa kundi la Kristo? Akienda kubisha mlango wa jirani wa lugha nyingine siku ya hofu tu, amechelewa. Mlango hufunguliwa kwa sauti iliyozoeleka siku za amani.

Ndugu wazee, Petro katika waraka wake wa kwanza, sura ya 5, ajiita mzee mwenzenu, naye aonya tusijifanye mabwana juu ya kundi. Basi Jumapili hii, tukiisha kuwahesabu waliokuja, tuwahesabu na waliokosa. Tuanze na mlango mmoja ambao hatujaubisha mwaka huu, hasa wa yule asiyesema lugha ya kwetu.

Bwana, Mchungaji Mkuu, atupe miguu isiyochoka. Amina.