Shamba la Mwaliko na Shamba la Lazima

Mwaliko na amri vyaweza kumwita mkulima kwenye shamba lile lile, lakini havimrudishi nyumbani akiwa mtu yule yule. Hilo twajifunza katika historia ya chuo kimoja cha kusini mwa Marekani, na katika historia yetu wenyewe.

Chuo cha Tuskegee, katika jimbo la Alabama, kilianzishwa mwaka 1881 kwa ajili ya watu weusi, miaka 16 tu baada ya utumwa kukomeshwa. Wakulima wa huko walikuwa huru kwa sheria, lakini wengi wao walilima ardhi ya wengine. Mbegu na chakula walikopa kwa dhamana ya pamba ambayo ilikuwa bado haijaota. Mavuno yalipofika, deni liliyameza. Kwa kuwa mkopeshaji alitaka pamba, shamba lilipandwa pamba mwaka hata mwaka, na udongo ukachoka pamoja na mwenye jembe.

Mwaka 1892 mkuu wa chuo, Booker T. Washington, aliwaalika wakulima. Walikuja kwa mamia, nao waliombwa kwanza waeleze hali yao wenyewe. Mkutano huo ukawa wa kila mwaka. Mwaka 1896 akafika George Washington Carver, mtaalamu wa mimea, ambaye naye alizaliwa utumwani. Shamba lake la majaribio lilikuwa na udongo duni, sawa na ule wa majirani. Hiyo ilikuwa faida. Lau lingestawi kwa mbolea ya kununua, mkulima maskini angelitazama, akalisifu, akaenda zake. Carver alitumia majani yaliyooza na matope ya kinamasi, akapanda kunde, zao linaloongezea udongo naitrojeni. Wageni waliona kwa macho yao kile ambacho wangeweza kukifanya kwa mikono yao.

Lakini aliye maskini kuliko wote hana siku ya kusafiri. Basi mwaka 1906 chuo kilitengeneza gari la kukokotwa na wanyama, lililobeba mbegu na vyombo vya kilimo. Thomas Campbell, aliyesoma hapo hapo, akalipeleka vijijini. Shamba la mfano likamfuata mkulima hadi kwake.

Haki yatudai tuseme na upande wa pili. Mwaka 1901 watu wanne wa Tuskegee walianza kazi Togo, koloni la Ujerumani, ili kuendeleza kilimo cha pamba. Ujuzi ulikuwa ule ule. Aliyeita hakuwa yule yule. Chuo cha pamba kilipofunguliwa Notsé mwaka 1904, wakuu wa wilaya waliwapeleka vijana huko bila hiari yao. Serikali ilitaka pamba kwa viwanda vya Ujerumani. Matakwa ya mkulima hayakuulizwa.

Kwetu Kongo, wazee walilijua jambo hilo bila kusimuliwa. Tangu mwaka 1917 sheria ya ukoloni wa Kibelgiji iliwalazimisha wanakijiji kulima mazao yaliyoamriwa, hadi siku 60 kwa mwaka. Mwaka 1942, wakati wa vita, zikawa 120. Asiyelima alitozwa faini au alifungwa. Mwaka 1933 ilianzishwa INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo, yenye kituo kikuu cha utafiti Yangambi, na huko Kivu ikawa na kituo cha Mulungu. Elimu ya wataalamu wake ilikuwa kubwa. Lakini mbegu bora ya pamba ilimfikia mkulima pamoja na amri, na bei yake hakuipanga yeye. Ndiyo maana wengi walimwogopa mtaalamu wa kilimo kama walivyomwogopa askari.

Tusiilaumu mbegu, wala tusiidharau elimu. Tuulize mambo matatu: Nani ameita? Je, aliyeitwa anaruhusiwa kuuliza na kukataa? Na mavuno yanabaki kwa nani? Kituo cha utafiti kinapofungua milango yake kwa wanakijiji, twende. Tubebe konzi ya udongo wa shamba letu, tuuweke mezani mbele ya mtaalamu, tumwambie: huu ndio tulio nao, tuanzie hapa.