Sukari Ilipoikuta Nazi

Jioni inapoingia Mji Mkongwe wa Unguja, muuza kahawa hugonganisha vikombe vyake na wazee wa barazani hujisogeza. Kahawa ni chungu, haitiwi sukari. Utamu umewekwa pembeni, kwenye kisahani: vipande vya kashata ya nazi, vyeupe au vya rangi ya waridi, vilivyokatwa mshazari. Unang'ata, kahawa inafuatia. Ni rahisi kudhani kwamba kashata ina umri sawa na mnazi wenyewe. Sivyo. Nazi iliisubiri sukari kwa karne nyingi.

Mnazi ni mkazi wa siku nyingi. Huko Tumbe, kaskazini mwa Pemba, wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta mabaki ya nazi katika makazi ya watu walioishi kati ya karne ya 7 na ya 10. Ufundi wa kuipika nao si wa jana. Msafiri Ibn Battuta, aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliandika habari za nazi alipoizungumzia Dhofar, kusini mwa Oman. Anaeleza kiti ambacho mwanamke hukikalia nyumbani na chuma cha kukwangulia nyama ya nazi. Zile chembe zikilowekwa majini, hutoa kitu chenye rangi na ladha ya maziwa. Mpishi wa pwani atamtambua papo hapo jamaa wa mbuzi yake, na tui atalijua bila kuambiwa. Msafiri huyo anataja pia asali iliyopikwa kwa utomvu wa mnazi, ambayo wafanyabiashara waliinunua na kwenda kutengenezea halua makwao.

Miwa ilikuwapo pia. Aprili 1498, mfalme wa Mombasa alimpelekea Vasco da Gama kondoo, machungwa, malimau na miwa. Lakini muwa wa kutafuna haupiki shira. Sukari kwa wingi ilianza kutengenezwa hapa hapa katika karne ya 19: Mkokotoni, Unguja, Mwingereza aitwaye Fraser alifunga mitambo ya mvuke katika miaka ya 1860, na bonde la Pangani likajaa mashamba ya miwa. Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani mwaka 1888, alikuwa mmoja wa wenye mashamba hayo. Miwa ile ilikatwa na watumwa. Habari hiyo haiandikwi kwenye vitabu vya mapishi, nayo ni sehemu ya historia ya kila sinia la kashata.

Jikoni, kazi huanza kwa kuchagua. Kiswahili kimeyapa jina kila rika la tunda hili: kidaka, kitale, dafu, koroma, kisha nazi. Kashata hutaka nazi iliyokomaa. Dafu lina nyama laini mno, na koroma halijafika. Mpishi huivunja, huikalia mbuzi na kukuna kwa kuizungusha, akiacha kabla meno ya chuma hayajafikia ganda la kahawia, maana hilo ndilo linalochafua weupe. Sukari na maji huchemka hadi shira ivute uzi kati ya vidole viwili. Hapo ndipo nazi iliyokunwa na iliki huingia, na mwiko haupumziki tena mpaka mchanganyiko uanze kuachana na sufuria. Humiminwa kwenye sinia lililopakwa mafuta, hutandazwa, na hukatwa ukingali na joto. Ukichelewa, kisu hupasua badala ya kukata. Siku hizi wengi hutumia blenda. Nazi hiyo hutoka imelowa, na kashata yake hukawia kushikana.

Tui nalo lina watoto wake: vitumbua, mkate wa kumimina, tambi za nazi, na vipopoo, yale madonge madogo ya unga yanayochemshwa katika tui lenye sukari na iliki. Baada ya Mapinduzi ya 1964, familia nyingi za Unguja zilihamia Oman na mapishi yao, hasa nchi hiyo ilipofungua milango mwaka 1970. Leo vitumbua hupikwa Maskati. Na Salalah, mji mkuu wa Dhofar ileile ya Ibn Battuta, vibanda vya kando ya barabara bado vinauza nazi.