Homa ya Papasi Kwenye Njia ya Karema

Mwaka 1879 ofisa wa jeshi la Ubelgiji, Ernest Cambier, alianzisha kituo Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, kusini-magharibi ya Mpanda ya leo. Alitumwa na chama cha Mfalme Leopold wa Pili. Wapagazi wa misafara ya aina hiyo, kutoka pwani hadi ziwani, walilala pale walipolala waliowatangulia: kibanda kilekile cha njiani, sakafu ileile ya udongo.

Katika nyufa za sakafu hiyo ndimo alimoishi papasi. Huyu si kupe wa ng'ombe anayeganda siku kadhaa. Hutoka usiku, hunyonya kama nusu saa, akarudi ufani mlalaji hana habari. Anaweza kukaa miaka bila kula, basi hata kibanda kilichohamwa si salama.

Kwamba akikuuma utapata homa, wenyeji walilijua zamani, na Livingstone aliliandika mwaka 1857. Wazungu walitaka kumwona mkosaji. Mwaka 1904, Uganda, Ross na Milne walikuta kwenye damu ya wagonjwa vijidudu vyembamba vilivyojisokota. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Kongo, Joseph Dutton na John Todd walikuwa wakifuatilia jambo hilohilo. Wote wawili wakaugua, na Dutton akafia Kasongo Februari 1905, akiwa na miaka 30. Bakteria huyo akaitwa Borrelia duttonii.

Lakini kwangu mimi, aliyefumbua fumbo la kibanda ni Robert Koch. Mwaka huohuo wa 1905, katika koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, aliwapasua papasi wa kambi za misafara akawakuta bakteria hao hadi ndani ya mayai. Kumbe papasi anaweza kuzaliwa na ugonjwa kabla hajamuuma mtu yeyote!

Homa yenyewe ni laghai. Huwaka siku chache, hukoma, mgonjwa anarudi shambani, halafu baada ya wiki hivi inamwangusha tena. Wajawazito huweza kupoteza mimba. Huko Mvumi, Dodoma, miaka ya 1990, kupulizia dawa ndani ya nyumba kulipunguza homa hii kwa watoto wadogo.

Kipimo cha haraka cha malaria hakimwoni bakteria huyu. Kwa hiyo homa ikiondoka na kurudi, omba damu iangaliwe kwa hadubini. Antibiotiki za kawaida humuua.