Jiko la Watawa wa Uji

Mwaka 1654 jahazi lililotoka kusini mwa China lilitia nanga Nagasaki. Ndani yake alikuwemo mtawa wa Kibudha aliyekwisha kupita miaka sitini, Ingen Ryuki, na kundi la wanafunzi wake. Nyuma yao jimbo lao la Fujian liliwaka vita: utawala wa Ming ulikuwa umeanguka, na Wamanchu walikuwa wameshika Beijing tangu mwaka 1644. Wachina waliokuwa wakifanya biashara Nagasaki walikuwa na mahekalu yao mjini humo, na watawa wa huko ndio waliomwandikia mara kwa mara wakimsihi aje kuwafundisha. Alikubali kwa miaka mitatu. Hakurudi kwao tena. Mwaka 1661, kwa idhini ya mtawala wa kijeshi, shogun Tokugawa Ietsuna, alianzisha hekalu jipya huko Uji, kusini mwa Kyoto, akalipa jina lilelile la hekalu aliloliongoza Fujian. Wajapani huliita Manpuku-ji. Alifariki hapo mwaka 1673.

Wasomi wa dini humtaja Ingen kwa madhehebu yake ya Obaku, moja kati ya matawi matatu ya Zen ya Japani. Wapenzi wa maandishi ya brashi humtaja kwa mwandiko wake. Mimi ni mpishi, mzaliwa wa Lindi, naishi na kufanya kazi Osaka, na sili nyama, samaki, mayai wala maziwa. Namtaja Ingen kwa ajili ya meza yake.

Tuliifuata meza hiyo mwanzoni mwa Aprili, maua ya sakura yakiwa yamefunguka. Tulikuwa wanne: mimi, dada mmoja wa Mombasa, na Wajapani wawili tunaofanya nao kazi jikoni. Kwa kuwa ni msimu wa kutazama maua, tulianzia Daigo-ji, hekalu la zamani lililoko kati ya Kyoto na Uji. Mwaka 1598 mtawala Toyotomi Hideyoshi aliagiza miti ipatayo 700 ya sakura ipandwe hapo, akaalika watu 1,300 hivi, wengi wao wanawake, kwa karamu ya kutazama maua. Mwaka huohuo alifariki. Karamu yake ingali ikizungumzwa hadi leo, na miti imepandwa upya mara nyingi tangu hapo. Watu walikuwa wametandika mikeka ya plastiki, watoto wakikimbia, wazee wakifungua visanduku vyao vya chakula taratibu.

Hapo ndipo asiyekula cha mnyama anapoanza kupata taabu. Mgeni hudhani Japani, nchi ya tofu na mwani, itamlisha bila shida. Lakini kinachomkwamisha ni mchuzi. Karibu kila kitu hupikwa kwa dashi, supu ya msingi, na dashi ya kila siku hutengenezwa kwa katsuobushi, yaani samaki wa jamii ya jodari aliyechemshwa, akafukizwa moshi na kukaushwa hadi akawa mgumu kama ubao, kisha akaparuzwa vipande vyembamba. Tambi za ngano, mboga za kuchemsha, hata tofu ya moto, vyote huweza kuwa na samaki ndani bila samaki kuonekana. Kwenye vibanda vya Daigo tulichopata ni dango, vidonge vya unga wa mchele vilivyotungwa kwenye kijiti. Tukala, tukapanda treni kwenda kituo cha Obaku, karibu na Manpuku-ji.

Kuna habari ambayo wengi huisimulia kwa haraka mno, kwamba Wajapani hawakula nyama kwa miaka zaidi ya elfu moja. Ukweli una vipengele. Mwaka 675 mfalme Tenmu alipiga marufuku kula ng'ombe, farasi, mbwa, nyani na kuku, na marufuku ilikuwa ya kuanzia mwezi wa nne hadi wa tisa, majira ya kilimo. Paa na nguruwe mwitu hawakutajwa, na samaki hakuguswa kabisa. Dini ya Kibudha na amri za watawala zilizofuata zilipunguza sana nyama mezani, lakini mtu wa kawaida aliendelea na samaki wake. Waliokula mimea mitupu ni watawa. Chakula chao huitwa shojin ryori, na hakikuachiwa bahati.

Aliyekipa msingi wa maandishi ni Dogen, mtawa aliyevuka bahari kwenda China mwaka 1223 kutafuta elimu. Huko alimkuta mpishi mzee wa hekalu, mwenye miaka 68, akianika uyoga kwenye jua la mchana, mkongojo mkononi, kichwa wazi, jasho likimtiririka. Dogen akamuuliza kwa nini asimpe kijana kazi hiyo. Mzee akamjibu kwamba mwingine si yeye. Akamuuliza tena kwa nini asingoje jua lipoe. Mzee akamuuliza yeye: angoje hadi lini? Kijana yule aliyedhani elimu imo vitabuni tu alinyamaza. Mwaka 1237, akiwa amerudi Kyoto, aliandika kitabu kizima cha maelekezo kwa mpishi wa hekalu, Tenzo Kyokun. Ndani yake mpishi ni mmoja wa maofisa sita wakuu wa hekalu. Anatakiwa aoshe mchele kwa mikono yake, atenge mchanga na mchele kwa jicho kali, asidharau jani duni wala asilewe na kitu cha thamani. Nimefanya kazi katika majiko mengi, na sijaona maneno yanayoinua kazi yetu kuliko hayo.

Kwa hiyo Ingen alipofika, Japani ilikuwa na chakula cha watawa cha karne nyingi. Alichokuja nacho ni namna ya Ming: mafuta ya ufuta, ukaangaji, wanga wa mzizi wa kudzu wa kufanya mchuzi uwe mzito, na zaidi ya yote, ulaji wa pamoja. Wakati ule katika nyumba za heshima kila mtu aliwekewa kijimeza chake kidogo, na mpangilio wa vijimeza ulionyesha nani mkubwa na nani mdogo. Chakula cha Obaku, kiitwacho fucha ryori, kiliwaketisha watu wanne kuzunguka meza moja, vyombo vikubwa katikati, kila mmoja akijipakulia. Sisi wa pwani tuliokulia kwenye sinia moja hatuhitaji kuelezwa maana yake. Kwa Japani ya karne ya 17 lilikuwa jambo geni.

Manpuku-ji lenyewe linatangaza asili yake mara uingiapo. Ukumbi mkuu, uliojengwa mwaka 1668, una mbao za msaji, mti usioota Japani. Njia za mawe zimenyooka, paa zimekunja ncha juu, na sala zinasomwa mpaka leo kwa matamshi ya Kichina cha zamani. Kwa vizazi vingi wakuu wa hekalu waliendelea kuletwa kutoka China. Mwaka 2024 serikali ya Japani iliyatangaza majengo yake matatu kuwa hazina ya taifa.

Kwenye ukumbi wa nje wa chumba cha kulia ananing'inia samaki mkubwa wa mbao, mrefu kuliko mtu, mdomoni ana tufe. Hupigwa kuwaita watawa kwenye chakula. Watawa hueleza kwamba samaki hafumbi macho usiku wala mchana, naye anamkumbusha mtu asizembee, na tufe ni tamaa anayotakiwa kuitema. Ubavu wake umebonyea kwa mapigo. Nilisimama mbele yake muda mrefu. Hekalu lisilopika samaki hata mmoja limempa samaki kazi ya kuwaamsha watu.

Chakula cha fucha lazima kiagizwe mapema. Tulianza na chai, kisha vikaja vyombo. Kimoja kilikuwa na mboga za majira: machipukizi ya mianzi yaliyochimbwa siku hizo, maua machanga ya haradali, mizizi ya yungiyungi. Machipukizi ya mianzi huanza kuwa machungu mara yanapotolewa ardhini, ndiyo maana wapishi wa Kyoto huyachemsha na pumba za mchele siku ileile. Kingine kiliitwa unpen, nacho ndicho kilichonifundisha zaidi. Ni masalia: ncha za karoti, mashina ya uyoga, maganda laini, vyote vimekatwa vidogo, vikakaangwa kwa mafuta ya ufuta, vikafungwa kwa mchuzi wa kudzu. Hakuna kilichotupwa, na chombo hicho kimewekwa mezani kwa wageni bila kuona haya.

Kisha kikaja kitu cha kahawia kinachong'aa, na dada wa Mombasa akashtuka. "Dadangu, huyu si mkunga huyu?" Mkunga hakuwa. Ilikuwa tofu iliyokamuliwa maji, ikapondwa na kiazi kikuu, ikapakwa juu ya karatasi ya mwani iliyochukua nafasi ya ngozi, ikakaangwa na kusiribwa mchuzi wa soya wenye sukari. Mpishi alikuwa amechora mistari ya nyama ya samaki kwa ncha ya kijiti. Sanaa hiyo ya kufananisha ni ya zamani katika fucha, na haikubuniwa kumdanganya mtu. Ilitungwa ili mgeni aliyezoea samaki akae mezani bila kuona amenyimwa.

Dashi yao ni mwani wa kombu uliolowekwa kwenye maji na uyoga mkavu wa shiitake. Kombu hutoka Hokkaido, kaskazini kabisa. Enzi za Edo, wakati wa utawala wa mashogun, majahazi ya biashara yaliishusha mpaka Osaka, na ndiyo sababu majiko ya upande huu yameizoea kuliko ya Tokyo. Kitunguu na kitunguu saumu havimo, kwa kuwa sheria ya watawa inavikataza. Sikuvikumbuka hata mara moja.

Na ilikuwepo tofu ya ufuta. Haina soya hata chembe. Ufuta husagwa kwenye bakuli la udongo lenye mifereji hadi utoe mafuta, huchujwa, huchanganywa na wanga wa kudzu na maji, kisha hukorogwa motoni bila kupumzika mpaka mkono uume. Ukiacha kukoroga, inashika chini na kuungua. Mwenzangu Mjapani alisema ndiyo kazi anayopewa mwanafunzi ili ajulikane kama ana subira. Karibu ufuta wote unaoliwa Japani hutoka nje, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoupeleka. Nimekua nikiona magunia ya ufuta Lindi yakipakiwa kwenye malori kwenda ghalani. Kwetu tunauita zao la biashara, tunaupima kwa kilo na kuuliza bei ya mnada. Watawa wa Uji wameufanya chakula cha heshima.

Baada ya kula tulitembea hadi Hozo-in, hekalu dogo la jirani. Mtawa wa Obaku aitwaye Tetsugen alitaka Japani ipate nakala zake za maandiko yote ya Kibudha, akazunguka nchi akichangisha. Inasimuliwa kwamba mara mbili alipokusanya fedha aliwagawia wenye njaa na waliokumbwa na mafuriko, akaanza upya. Mwishowe zilichongwa mbao zipatazo 60,000, na zingali zimepangwa hapo, bado zikitumika kuchapia kwa mkono. Mbao hizo ni za sakura. Mti uleule tuliotoka kuutazama asubuhi kwa ajili ya maua ndio uliobeba maandishi kwa zaidi ya miaka 300.

Desturi ya kula mimea mitupu ilikaribia kupotea si kwa uhaba bali kwa sera. Januari 1872 ilitangazwa kwamba mfalme Meiji anakula nyama ya ng'ombe. Mwaka huohuo serikali iliwaruhusu watawa kula nyama na kuoa. Nyama ikawa alama ya nguvu na usasa, na mahekalu mengi yalilegeza miiko. Lakini elimu ya jikoni haikufa, kwa sababu ilikuwa na cheo na ilikuwa na maandishi: Dogen mwaka 1237, na nje ya mahekalu kitabu cha mapishi 100 ya tofu kilichotolewa Osaka mwaka 1782, kikauzwa sana hata kikafuatiwa na cha pili mwaka uliofuata. Aliyetaka kurudi alikuta njia ipo.

Ndilo jambo ninalowaletea wasomaji wa nyumbani. Tunacho kisamvu cha karanga, kunde za nazi, mchicha, mlenda, njugu mawe, matembele, mbaazi. Ni vyakula ambavyo vingekaa kwenye meza yoyote ya Uji bila kuona haya, lakini sisi tunaviita mboga ya mwisho wa mwezi, na mgeni akija tunakimbilia kuchinja kuku. Wanaovijua vizuri ni mama na bibi zetu, ambao hatujawahi kuwapa cheo wala kuwaandikia kitabu. Mwenye bibi anayejua kupika kunde bila nyama na zikaliwa zikaisha, na aketi naye jikoni, apime kwa kikombe kile bibi anachopima kwa kiganja, aandike. Na siku ya mgeni, aziweke katikati ya meza.