Uzao wa Susan katika Kasri la Malkia

Corgi wa kwanza aliingia katika familia ya Elizabeth, aliyekuja kuwa Malkia wa Uingereza, mwaka 1933, aliponunuliwa na baba yake. Jina lake Dookie. Lakini mbwa aliyeanzisha historia hii ni Susan, zawadi aliyopewa Elizabeth alipotimiza miaka 18, Aprili 1944, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa bado havijaisha.

Corgi asili yake ni mbwa wa wafugaji wa Wales. Ufupi wa miguu yake una kazi: humng'ata ng'ombe kisiginoni kisha hujilaza kabla teke halijamfikia. Maisha ya kasri hayakumwondolea silika hiyo. Mwaka 1954, huko Windsor, Susan alimng'ata mtumishi aliyekuwa na kazi ya kutia saa ufunguo. Malkia mwenyewe hakusalimika. Machi 1991 aliingilia ugomvi wa mbwa wake, akashonwa nyuzi 3 mkononi. Kwa wengi wetu, ambao kwetu mbwa ni mlinzi wa uani, mnyama wa namna hiyo angefungwa mnyororo siku hiyohiyo. Malkia aliendelea kuwalisha kwa mkono wake kila alipopata nafasi.

Novemba 1947, Elizabeth na mumewe, Philip, walipokwenda fungate, Susan alikuwemo, amefichwa chini ya mablanketi katika gari la farasi. Februari 1952 Elizabeth alilala katika hoteli ya Treetops, karibu na Nyeri nchini Kenya, akiwa binti wa mfalme. Baba yake akafariki, naye akarudi Uingereza akiwa Malkia. Tangu hapo hata mama yake mzazi alimpigia goti hadharani. Susan hakuwa na habari na mambo hayo.

Alikufa Januari 1959, akazikwa Sandringham, na Malkia akachora mwenyewe mfano wa jiwe la kaburi. Lakini Susan alikuwa ameshaacha watoto na wajukuu. Katika utawala wake Malkia alifuga corgi zaidi ya 30, wengi wao wa uzao wa Susan, kizazi baada ya kizazi hadi cha 14. Wengine walipandishwa na mbwa wa aina ya dachshund wa mdogo wake, Margaret, wakazaliwa dorgi. Sishangai: aliyerithi kiti kwa nasaba alijua kuitunza nasaba.

Uzeeni aliacha kuwazalisha. Rafiki yake Monty Roberts, mfundishaji wa farasi, alieleza kwamba hakutaka kufa na kuacha mbwa wachanga. Willow, corgi wa mwisho wa uzao huo, alikufa Aprili 2018.

Azimio hilo halikudumu. Mapema 2021, Philip akiwa mgonjwa hospitalini, mwanawe Andrew alimletea Malkia watoto wawili wa mbwa, Muick na Fergus. Fergus akafa baada ya miezi michache, akaletwa Sandy. Malkia alikuwa na miaka 95.

Tarehe 19 Septemba 2022 jeneza lake lilipowasili Windsor, Muick na Sandy walikuwa uani na watumishi, wakisubiri. Baadaye walichukuliwa na Andrew na aliyekuwa mkewe, Sarah.